Treni ya Bububu haikuipa Bububu jina. Nisameheni.

Wacha nianze na kosa langu tusipotezeane muda. Ile video ya Zanzibar niliyoweka hapa mwezi jana, ile nimesimama Forodhani naelekeza kidole chini nikisema "hapa nilipokanyaga palikuwa na stesheni ya treni," sehemu yake moja ni uongo. Stesheni ilikuwepo, hiyo msiwe na wasiwasi. Uongo ni ile sehemu ya mwisho mliyoipenda kuliko zote, nilipofanya mdomo bu-bu-bu-bu kama injini ya mvuke, kisha nikawaambia kwamba ndivyo kijiji cha Bububu kilivyopata jina.

Si kweli. Na ubaya ni kwamba hiyo ndiyo sehemu iliyosambaa. Watu waliikata, wakaiwekea muziki, wakaituma kwa magrupu ya WhatsApp ya familia. Mjomba wangu alinitumia video yangu mwenyewe akiniuliza kama nimeiona. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi akaniandikia kwamba amewaonyesha watoto wa darasa lake wakati wa somo la Jamii, na wote wakabaki wakifanya bu-bu-bu mpaka kengele ikalia. Nilijisikia vizuri sana siku hiyo. Nikanunua hata chips.

Kesho yake asubuhi nikapata komenti. Ilikuwa ya mama mmoja wa Unguja, na sitamtaja jina. Aliandika hivi: "Mwanangu, gari ya moshi imekuja 1905. Bibi Salme kaishi Bububu kabla ya hapo, na kitabu chake kimetoka 1886. Sasa jina yeye kalipata wapi?"

Ni hayo tu. Hakunitukana wala hakuweka zile emoji za kucheka. Nilisoma mara tatu nikahisi masikio yakipata moto. Kwa sababu ni hesabu ya darasa la tatu. 1886 iko kabla ya 1905. Miaka 19 kabla.

Nilikuwa na njia mbili za haraka. Kufuta komenti, ambayo nakiri kidole kilifika pale, ama kunyamaza nisubiri izame chini ya zingine. Sikufanya yoyote kati ya hizo. Lakini pia sikumjibu. Nilikaa na hiyo komenti kwa wiki tatu nikisoma, na leo ndio naandika. Hii ni ndefu kuliko kawaida yangu, kwa hivyo kama uko kwa matatu unakaribia kushuka, isave usome ukifika.

Kwanza mjue ni kwa nini mtu wa Makutano anajisumbua na treni ya Zanzibar.

Hapa Meru hatuna treni. Hatujawahi kuwa nayo. Reli ya kutoka Nairobi inapita Thika, Murang'a, Sagana, Karatina, inazunguka mlima upande ule mwingine na kuishia Nanyuki. Embu imeachwa, sisi tumeachwa. Halafu kuna ile reli ya LAPSSET, ya kutoka Lamu kuja Isiolo, ambayo tumeambiwa habari zake tangu niko na meno ya utoto. Isiolo si mbali na sisi. Bandari ya Lamu ilizinduliwa 2021, lakini reli bado ni mstari kwenye ramani. Kwa hivyo mtoto wa Makutano anakua akijua pikipiki, matatu, na zile gari za miraa ambazo hata polisi huzipisha. Treni ni kitu cha kwenye kitabu.

Babu yangu alipanda treni mara moja tu maishani mwake, miaka ya sitini, kutoka Nanyuki kwenda Nairobi. Nilikuwa nikimsumbua nikiwa mdogo anihadithie. Nilitaka kusikia injini, moshi, madaraja. Yeye kila mara alianzia mahali pamoja: benchi ya mbao ya daraja la tatu, na mama aliyekaa mkabala naye akiwa na kuku wawili ndani ya kikapu, na jinsi mmoja alivyotoka akaenda chini ya viti watu wazima wote wakaanza kuinua miguu. Hiyo ndiyo ilikuwa treni yake. Injini hata hakuiona vizuri kwa sababu behewa lake lilikuwa mbali na mbele. Nilikuwa nikiudhika. Nilidhani mzee hajui kuhadithia.

Mtanielewa nikirudi kwa huyo kuku baadaye.

Sasa, Zanzibar. Nilienda na rafiki zangu wawili, siku nne, kwa pesa tulizochanga tangu Januari. Jioni ya kwanza tukaenda Forodhani kama kila mtu. Kama hujafika: ni bustani mbele ya bahari, mgongoni kwako kuna Ngome Kongwe, ile ngome ya Waomani iliyojengwa baada ya Wareno kufukuzwa, na pembeni yake Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi 2020. Jua likizama wauzaji wanawasha taa: mishikaki, pweza, juisi ya miwa, urojo, na ile wanaita pizza ya Zanzibar ambayo Mtaliano akiiona atalia. Vijana wanakimbia kutoka mbali na kujirusha baharini kutoka ukutani, wanaita makachu, huku watalii wakipiga picha.

Nilikuwa napiga picha pia. Kijana aliyekuwa anatugeuzia mishikaki akaniuliza natoka wapi, nikasema Kenya, Meru, na tukaanza kuongea mambo ya SGR. Akasema, kama mtu anayesema jambo la kawaida, kwamba hata hapa palikuwa na gari ya moshi. Nikacheka. Nikadhani ananichezea. Akaonyesha na kile kijiti cha mishikaki: "Ilikuwa inaanzia hapa ngomeni, inakwenda mpaka Bububu. Ndiyo maana pakaitwa Bububu, mlio wake."

Hapo ndipo nilipoipata. Yeye alinipa kama hadithi ya kupitisha muda wakati nyama inaiva, hakuniuzia. Mimi ndiye niliyeigeuza kuwa ukweli kwa kuwasha kamera.

Na stesheni yenyewe haina kitu. Nilizunguka asubuhi iliyofuata nikitafuta hata taruma moja, hata kipande cha chuma kimezama kwenye lami. Kisumu, ambako reli kutoka Mombasa ilifika mwambao wa ziwa Desemba 1901 wakati pakiitwa Port Florence, bado unaweza kusimama bandarini ukaona reli na maji kwa jicho moja. Forodhani huoni chochote cha treni. Unaona nyasi, mabenchi, miti, na paka wengi. Bustani ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena 2009, ni nzuri sana. Kwa hivyo nilielekeza kidole chini, nikafanya bu-bu-bu, na nikaenda kula chapati.

Haya ndiyo nilipaswa kuwaambia.

Treni ya kwanza ya Zanzibar haikuwa hata ya Bububu. Ilikuwa ya Sultani Barghash mwenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1870, kutoka mjini kwenda kusini kwenye kasri lake la Chukwani. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu. Ndiyo, nyumbu. Halafu mwaka 1881 akaagiza injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall huko Uingereza. Fikirieni hiyo. Reli ya Uganda, ile tunayofundishwa shuleni kama mwanzo wa kila kitu, ilianza kujengwa Mombasa 1896. Miaka 15 kabla ya hapo kulikuwa na mtu Unguja anaenda shamba kwa treni yake. Barghash alifariki 1888, na treni ikafa naye. Reli iling'olewa, injini ikawa chuma chakavu.

Ya pili ndiyo yetu. Ilijengwa na Wamarekani. Kampuni ya Arnold, Cheney, wafanyabiashara wa New York ambao jina lao lilikuwa kubwa kwenye biashara ya pembe za ndovu, zile zilizokuwa zinaenda Connecticut kutengenezwa vibonyezo vya piano. Kazi ilianza 1904, treni ikaanza kutembea 1905, enzi za Sultani Ali bin Hamud, Waingereza wakiwa ndio wenye usemi. Maili saba, kama kilomita 11 hivi. Ngome Kongwe ilitumika kama bohari wakati wa ujenzi, na treni ilianzia nje ya kuta zake, jirani na forodha. Forodha ndiyo hiyo hiyo iliyopapa jina Forodhani: mahali ambapo meli zilishusha mizigo na serikali ikachukua ushuru wake. Kwa hivyo picha ni hii. Mzigo unatoka majini, hatua chache tu, unakutana na reli. Ukitaka kujua kwa nini stesheni iliwekwa ufukweni na si Darajani kwenye soko, jibu ni forodha.

Kutoka pale treni ilipita katikati ya mji. Kuna postikadi za zamani zinazoonyesha hilo na nawaombeni mzitafute, kwa sababu maelezo yangu hayatoshi. Mmetembea zile njia za Mji Mkongwe? Zile ambazo bodaboda ikija unajibandika ukutani? Treni ilikuwa inapita kwenye njia za namna hiyo, na kuta za nyumba ziko karibu kabisa na mabehewa. Mtu aliyekaa kwenye baraza yake angeweza kusalimiana kwa mkono na abiria. Halafu inatoka nje ya mji na kufuata pwani kwenda kaskazini, upande wa Mtoni, mpaka Bububu.

Bububu ya leo nilifika kwa daladala namba 502 kutoka Darajani. Ni mahali pa kawaida tu: maduka, njia inagawanyika, moja inaendelea kaskazini na nyingine inapanda bara kwenda mashamba ya viungo ya Kizimbani. Njia panda. Makutano, kwa lugha yetu. Nilijisikia nyumbani mpaka nikatafuta mtu wa kuuza miraa, na sitasema kilichofuata.

Turudi kwa Bibi Salme, kwa sababu ndiye aliyenishika shati. Alikuwa binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa Mtoni 1844, na mwaka 1866 aliondoka kisiwani, akaolewa na Mjerumani wa Hamburg, akaitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani 1886. Ndani yake anaitaja Bububu kwa jina hilo hilo, kama mahali alipokuwa na nyumba karibu na bahari, na anapaongelea kwa upendo kweli. Wakati huo hakuna reli kwenda Bububu. Wamarekani wa Arnold, Cheney watakuja baada ya karibu miaka 40 tangu yeye aondoke.

Sasa jina limetoka wapi? Maelezo unayosikia mara nyingi ni maji. Upande huo kuna chemchemi, na mji ulikunywa maji yake. Na Kiswahili chetu kina neno zima la jambo hilo: kububujika. Sema polepole. Lilikuwa mdomoni mwangu tangu shule ya msingi na sikulisikia. Nilienda kutafuta injini ya Mmarekani ieleze jina ambalo lugha yangu mwenyewe ilikuwa inalieleza.

Hiyo iliniuma kuliko hesabu ya miaka.

Halafu nikajiuliza, mbona hadithi ya treni ndiyo imeshinda? Kwa sababu yule kijana wa mishikaki hakuitunga. Utaisikia kwa waongoza watalii na kwa madereva. Nadhani ni kwa sababu treni haikuacha kitu kingine. Kama pangekuwa na injini moja kuukuu imewekwa kwenye bustani, watoto wanaipanda, hakuna mtu angehitaji kulibebesha jina la kijiji kazi ya makumbusho. Watu walikumbuka kwamba palikuwa na treni, wakatafuta pa kuiweka hiyo kumbukumbu, na mahali pekee palipokuwa wazi ni kwenye sauti ya jina. Siwalaumu. Mimi ningefanya vivyo hivyo, na nimefanya.

Kifo cha hiyo treni nacho kina kitu cha kuudhi, na sehemu hii ndiyo najutia zaidi kuikosa kwenye video. Serikali iliinunua reli 1911. Barabara zikaboreshwa, magari yakaingia, na mwaka 1922 abiria wakasimamishwa. Miaka 17 tu. Lakini treni haikulala hapo hapo. Iliendelea kutumika kubeba mawe, na mawe hayo yalikuwa ya kazi ya bandari: kujaza ufukwe na kujenga gati mpya upande wa Malindi. Umeona? Stesheni iliwekwa pale ngomeni kwa sababu meli na forodha zilikuwa pale. Kazi ya mwisho ya treni ilikuwa kubeba mawe ya kujenga bandari ambayo ingeziondoa meli na forodha pale. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mawe yakaisha, na treni ikaisha. Miaka ya 1930 ufukwe ule uliobaki wazi ukafanywa bustani, ikaitwa Bustani ya Jubilii. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jina likabadilika. Watu wakarudi kuita Forodhani, jina la forodha isiyokuwepo tena. Forodha ilipata hata jina la kubaki nalo. Stesheni haikupata.

Nilipofika hapo kwenye kusoma kwangu nilidhani nimemaliza. Video ya pili, "Ukweli kuhusu Bububu," dakika moja, mambo kwisha. Nikaanza kukusanya picha za kuweka nyuma ya sauti yangu.

Ndipo nikaona tatizo. Karibu kila kitu unachokipata kuhusu ile treni kimeandikwa au kupigwa picha na mtu aliyekuwa anapita. Meli za abiria zilikuwa zinatia nanga Zanzibar kwa saa chache au siku moja, na wasafiri wa Ulaya na Marekani walishuka kuzurura. Kwa ajili yao lilifungwa behewa maalum la daraja la kwanza mwishoni mwa treni, wapelekwe Bububu na kurudi, waone minazi na mikarafuu, waandike nyumbani kwamba wamepanda katreni kachekeshaji. Postikadi zilitengenezwa kwa watu hao. Maelezo ya kitalii yaliandikwa na watu hao. Wakati huo huo mabehewa ya mbele, yaliyojaa, yalibeba watu wa kisiwa wenyewe. Wao ndio walikuwa abiria wengi. Wao ndio walipanda Jumatatu na Jumanne na siku zote za mvua.

Na hao ndio nilikuwa nawatafuta na siwapati. Mtu aliyepanda pale ngomeni alfajiri, alikuwa anaenda wapi? Alilipa akiwa na furaha au akinung'unika? Watu wa nyumba za njiani, ambao treni ilipita karibu na madirisha yao, walisema nini siku ya kwanza? Siku abiria waliposimamishwa 1922, nani alibaki amesimama na kikapu chake? Natazama zile postikadi na kwenye nyingine kuna watu, wamesimama kando ya njia, wanamtazama mpiga picha. Kapsheni haiwataji. Inataja treni.

Hapo ndipo kuku wa babu alitoka chini ya kiti.

Nilikuwa nimemdharau mzee kwa kunipa benchi na kikapu na mama asiyejulikana jina, kumbe alikuwa ananipa kitu ambacho Zanzibar nzima sikukipata. Hiyo ndiyo treni ilivyo ukiwa ndani ya behewa la watu. Sikumrekodi. Nilikuwa na simu, tena simu nzuri, na nilikuwa narekodi wasanii wa gengetone wanaokuja kilabu ya Makutano na watu wakipigana stejini. Babu alifariki miaka miwili iliyopita. Ninachokumbuka ni kile ninachokumbuka, na najua kila nikisimulia naongeza kidogo. Wiki iliyopita nilikuwa nasema kuku watatu. Mama yangu akanirekebisha: wawili.

Nami Zanzibar nilikuwa nani? Siku nne. Nilishuka, nikala, nikaelekeza kidole chini, nikachukua kitu kimoja cha kuchekesha nikaenda nacho. Ukiniuliza nilikuwa behewa gani, nilikuwa lile la nyuma kabisa. Tofauti ni kwamba nilikuwa nimevaa kandambili na sikuwa na pesa.

Kuna rafiki yangu, yeye pia anafanya kontenti, aliniambia niache kujitesa. Hoja yake ni kwamba hadithi ni hadithi, hakuna aliyeumia, na bila ile bu-bu-bu hakuna mtu wa Meru angejua kwamba kulikuwa na treni Zanzibar. Ana pointi, sitakataa. Watu waliingia kwa sababu ya mzaha wangu. Lakini kuna mama wa Unguja aliyefungua simu yake akamwona kijana kutoka mbali akimfundisha jina la kwao, na akimfundisha vibaya, na maelfu ya watu wakipiga makofi. Yeye aliumia kidogo, nadhani. Aliandika sentensi tatu kwa adabu kuliko nilivyostahili. Na kuna watoto wa darasa zima.

Kwa hivyo nimefanya haya. Ile video sijaifuta, kwa sababu imeshakatwa na kusambazwa, na nikiifuta yangu zitabaki zile zisizo na marekebisho. Komenti ya mama nimeibandika juu kabisa. Nimemjibu pia, hatimaye. Nilianza na shikamoo, nikaomba radhi, nikamwambia nimesoma. Alijibu "marahaba mwanangu," halafu akaniandikia kwamba nikirudi nisiishie Forodhani, nipite kwake Bububu nile wali. Nikamuuliza kama kuna mtu wa kwao aliyewahi kusimulia habari za gari ya moshi. Akasema bibi yake alikuwa akilitaja lile la mawe, kwamba watoto walikuwa wakilikimbilia. Nikamwomba, kama anaweza, anirekodie sauti akieleza chochote anachokumbuka bibi yake alisema, hata kama ni kidogo, hata kama hakina treni ndani yake. Amesema atafanya akipata nafasi baada ya Ramadhani. Nangoja.

Video ya marekebisho niliiweka Jumanne. Imetazamwa na watu wachache sana, mnajua wenyewe algorithimu haipendi mtu anayeomba msamaha. Mjomba hajanitumia hiyo.

Mwalimu ndiye aliyeniogopesha zaidi. Nilimwandikia moja kwa moja, nikamweleza kosa, nikamtumia miaka: 1866, 1886, 1905. Nilitarajia anikasirikie. Alisema sawa, atawaonyesha watoto video ya pili, na atawaandikia hiyo miaka ubaoni wajitafutie wenyewe kosa liko wapi kabla hajawaambia. Jana jioni akanipigia. Anasema mikono mitano ilipanda kabla hajamaliza kuandika. Halafu msichana mmoja wa dawati la nyuma akauliza: kama bu-bu-bu ni maji, basi hiyo treni ilikuwa inalia aje?